Fosfati na Mazungumzo ya Seli za Neva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hunifikia kutoka kwa wanafunzi wa S.5 na S.6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari), wauguzi, wakulima wanaonyunyizia dawa mashambani, na wazazi wa kaskazini mwa Uganda wenye watoto wanaougua kifafa. Nafundisha biokemia Kampala. Majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi, kulingana na uzito wa swali lenyewe.

Fosforilesheni ya protini ni nini hasa?

Ni kubandikwa kwa fosfati juu ya protini. Fosfati hiyo hutoka kwenye ATP, molekuli ileile inayobeba nishati ndani ya seli. ATP ina fosfati tatu zilizofuatana. Kimeng'enya kiitwacho kinasi huichukua ile ya mwisho na kuibandika kwenye protini, hasa kwenye amino asidi tatu: serini, threonini au tairosini. ATP iliyonyang'anywa fosfati moja hubaki kuwa ADP.

Fosfati ni ndogo mno mbele ya protini, lakini huja na chaji hasi mbili. Palipokuwa hapana chaji sasa pana chaji, na sehemu jirani za protini huanza kuvutana au kusukumana kwa namna mpya. Umbo hubadilika, na umbo la protini likibadilika, kazi yake nayo hubadilika. Mlango wa ayoni, yaani chembe zenye chaji, hufunguka kwa urahisi zaidi au hugoma kufunguka, kimeng'enya kilicholala huamka, protini mbili zilizoshikana huachana.

Kisha kuna fosfatasi, vimeng'enya vinavyoibandua fosfati. Vitabu vingi vya shule huvipa sentensi moja tu, na hilo hunisikitisha, kwa sababu nusu ya habari imo humo. Fikiria beseni lenye bomba juu na tundu chini. Kina cha maji hakitegemei bomba peke yake. Ukiziba tundu, maji yatapanda hata kama bomba linadondosha tone moja moja. Ndivyo ilivyo kwa fosfati kwenye protini. Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinasi, na jeni za fosfatasi ni chache zaidi. Magonjwa na sumu nitakazozitaja huko chini hazieleweki vizuri usipouliza swali hili: nani alipaswa kuiondoa fosfati hii, na kwa nini haikuondoka?

Tulifundishwa kwamba neva hupitisha ujumbe kwa umeme na kemikali. Fosforilesheni inaingia wapi?

Mlichofundishwa ni kweli. Umeme husafiri kwenye mkia mrefu wa seli mpaka kwenye sinapsi, yaani pale seli moja inapokutana na nyingine. Hapo kalsiamu huingia, vifuko vidogo vyenye kemikali hupasukia nje, na kemikali hiyo hushika vipokezi vya seli ya pili. Kemikali kama glutamati na GABA hufungua milango ya ayoni moja kwa moja, na kila kitu huisha ndani ya milisekunde chache. Hiyo ndiyo njia ya haraka. Bila hiyo usingeweza kuondoa mkono kwenye sufuria ya moto.

Lakini kuna njia ya polepole. Dopamini, serotonini na noradrenalini, pamoja na homoni ndogo nyingi za protini, kwa sehemu kubwa hazifungui mlango wowote moja kwa moja. Hushika kipokezi, kipokezi huamsha protini nyingine ndani ya seli, molekuli za kupeleka habari kama cAMP huongezeka, na mwishowe kinasi huamka na kuanza kubandika fosfati. Kazi hii huchukua mamia ya milisekunde, dakika, pengine saa kadhaa. Njia ya polepole huamua njia ya haraka itakuwa na nguvu kiasi gani. Hali ya moyo, ari, umakini, uchovu, na hata jinsi mwili unavyopanga mwendo, yote hutegemea marekebisho hayo.

Fosforilesheni hufanya kazi pia upande wa seli inayotuma. Vifuko vya kemikali hushikiliwa akiba na protini iitwayo sinapsini. Neva ikifanya kazi mfululizo, kalsiamu huamsha kinasi, sinapsini hubandikwa fosfati, inaviachia vifuko, na akiba husogea karibu na mlango wa kutokea.

DARPP-32 ni nini? Naiona kila mahali.

Ni protini inayopatikana kwa wingi kwenye striatamu, eneo la ndani ya ubongo linalohusika na mwendo na malipo ya furaha. Nambari 32 ni uzito wake wa molekuli, kilodaltoni 32. Mimi huifundisha kwa muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote ya kozi, maana ina mantiki ya kupendeza.

Dopamini inaposhika kipokezi cha aina ya D1, cAMP hupanda na kinasi iitwayo PKA huamka. PKA hubandika fosfati kwenye milango na vipokezi vingi. Pamoja na hayo huibandika kwenye DARPP-32, kwenye threonini ya 34. DARPP-32 yenye fosfati mahali hapo hugeuka kuwa kizuizi cha fosfatasi ya kwanza, PP1, ambayo ndiyo ingezibandua fosfati zile nyingine. Kwa hiyo seli inaongeza fosfati na papo hapo inamzuia mwondoaji. Athari ya dopamini hukua na kudumu. Kipokezi cha aina ya D2 hufanya kinyume, hushusha cAMP.

Protini hiyohiyo ikibandikwa fosfati kwenye threonini ya 75, na kinasi nyingine, inageuka kuwa kizuizi cha PKA yenyewe. Protini moja, sehemu mbili za kubandika, matokeo yanayopingana. Mwanafunzi akilielewa hili, ataelewa kwa nini haitoshi kusema protini fulani "imefosforilishwa" bila kusema ni kwenye amino asidi ya ngapi.

Nani waligundua haya?

Edmond Fischer na Edwin Krebs, katikati ya miaka ya 1950 huko Seattle, Marekani, walikuwa wakichunguza kimeng'enya cha msuli kinachovunja glaikojeni, sukari ya akiba. Waligundua kwamba huwashwa kwa kubandikwa fosfati na kuzimwa kwa kubanduliwa. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Earl Sutherland, aliyegundua cAMP, alikuwa ameipata mwaka 1971.

Aliyeleta jambo hili kwenye ubongo ni Paul Greengard. Wakati huo wengi waliamini kuwa mambo ya neva ni umeme tu, na habari za vimeng'enya ni za ini na misuli. Yeye alishikilia hoja yake kwa miaka, akaonyesha sinapsini, akaonyesha DARPP-32, na mwaka 2000 akapata Nobel pamoja na Arvid Carlsson na Eric Kandel. Mama yake alifariki akimzaa. Greengard alitumia fedha za tuzo kuanzisha zawadi ya wanasayansi wanawake yenye jina la mama huyo, Pearl Meister Greengard. Huwaambia hilo wasichana wa darasani kwangu kila mwaka, na nitaendelea.

Kumbukumbu inahusianaje na fosfati?

Kandel alimchagua konokono wa baharini aitwaye Aplysia kwa sababu ana seli za neva takriban 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ubongo wa binadamu una bilioni 86 hivi. Konokono huyo akiguswa huvuta yavuyavu lake ndani. Akishtuliwa mkiani kwanza, hulivuta kwa nguvu zaidi, na huendelea hivyo kwa muda: amejifunza.

Ndani ya neva, mshtuko huleta serotonini, serotonini hupandisha cAMP, na PKA hubandika fosfati kwenye milango ya potasiamu, ambayo hujifunga. Umeme hukawia kushuka, kalsiamu nyingi huingia, kemikali nyingi hutoka. Mshtuko mmoja huleta kumbukumbu ya dakika chache, na fosfatasi hufuta alama. Mishtuko ikirudiwa kwa nafasi, PKA husafiri hadi kwenye kiini cha seli na kubandika fosfati kwenye protini iitwayo CREB. Hapo jeni huamshwa, protini mpya hutengenezwa na sinapsi mpya huota. Kumbukumbu ya siku nyingi imejengwa kwa nyama, kwa maana halisi ya neno.

Kwa wanyama wenye uti wa mgongo yupo mhusika mwingine mkubwa, CaMKII, kinasi yenye vipande 12 vilivyopangwa kama duara. Kalsiamu ikiingia, vipande hivyo hubandikana fosfati vyenyewe kwenye threonini ya 286. Kalsiamu hutoweka mara moja, lakini kinasi huendelea kufanya kazi kwa sababu imejiwekea alama. Panya waliobadilishwa jeni ili threonini hiyo moja isiwepo hushindwa kujifunza vizuri mahali palipofichwa kijukwaa ndani ya maji. Amino asidi moja tu.

Kukesha nikisoma kabla ya mtihani wa taifa wa UNEB kuna madhara kwa protini hizi?

Kuna ushahidi mzuri kutoka kwa panya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulitaja protini 80, nyingi zikiwa za sinapsi, ambazo huongezeka fosfati kadiri mnyama anavyokosa usingizi, na hurudi chini anapolala. Tena, kumbukumbu ya muda mrefu huhitaji kurudia kwa nafasi, kama konokono alivyotuonyesha. Soma jioni, lala, rudia kesho. Walimu wanaowaamsha watoto saa kumi alfajiri kwa ajili ya masomo wanapaswa kulifikiria hili kwa uzito.

Kahawa je?

Tunailima na kuiuza dunia nzima, basi tuijue. Robusta ni mmea wa asili wa misitu yetu, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika inayolimwa Bugisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya tunapokuwa macho na kutuletea usingizi. Kwenye striatamu, kuzibwa huko hushusha kazi ya PKA katika seli fulani na kuongeza fosfati kwenye threonini ya 75 ya DARPP-32. Panya wasio na DARPP-32 hawachangamki kwa kafeini kama wenzao. Kikombe cha asubuhi kinapita njia ileile ya Greengard.

Na mairungi (miraa)?

Mairungi mabichi yana kathinoni, ambayo hufanya neva zimwage dopamini nyingi. Dopamini ikijaa, PKA huamshwa kupita kiasi siku baada ya siku, na fosforilesheni ya CREB inayojirudia hubadilisha jeni zinazofanya kazi kwenye seli hizo. Hapo ndipo tamaa isiyozimika inapojengeka. Kijana aliyenaswa anahitaji matibabu; kumwita mvivu hakumsaidii.

Dawa za kunyunyizia mimea zina uhusiano gani na somo hili?

Uhusiano ni mkubwa, na ningependa kila mkulima ausome.

Misuli huamriwa na asetilikolini. Baada ya kila amri, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja, kwa kasi ya maelfu ya molekuli kwa sekunde, ili msuli ulegee na usubiri amri nyingine. Katikati ya kimeng'enya hicho kuna serini moja inayofanya kazi yote.

Dawa za kundi la oganofosfati, kama dimethoeti, klopirifosi na diklovosi, huibandika fosfati yao juu ya serini hiyo. Ni fosforilesheni, ila haikufanywa na kinasi, wala hakuna fosfatasi mwilini iliyoandaliwa kuibandua hapo. Kimeng'enya kinakufa ganzi. Asetilikolini inajaa, amri haziishi. Mgonjwa hutokwa mate, machozi na jasho, hutapika, huharisha, mboni za macho husinyaa kuwa kama ncha ya sindano, misuli huchezacheza kisha hulegea, na kifua hujaa ute. Kinachoua ni kushindwa kupumua.

Hospitalini hupewa atropini, inayoziba vipokezi vya asetilikolini. Ipo pia dawa ya kundi la oksimu, pralidoksimu, inayoweza kuivuta fosfati kutoka kwenye serini. Kadiri saa zinavyopita, sehemu ya sumu iliyobandikwa hukatika na iliyobaki hung'ang'ania kabisa. Kwa baadhi ya dawa hilo hutokea ndani ya saa chache. Baada ya hapo hakuna kinachoibandua, na mwili hulazimika kutengeneza kimeng'enya kipya kwa muda wa wiki kadhaa.

Kwa hiyo, mtu akianza dalili hizo baada ya kunyunyizia, au akiwa ameinywa kwa sababu yoyote ile, mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni huku ukijikinga mikono, na umkimbize kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa yenyewe. Usimlazimishe kutapika, usipoteze muda na maziwa. Na kila siku ya kawaida: glavu, mikono mirefu, kusimama upande upepo unakotoka, kutotumia chupa ya soda kuhifadhi dawa, na kutonyunyizia diklovosi kwenye maharage ya kula.

Mtoto wangu ana ugonjwa wa kutikisa kichwa. Nasikia ubongo wao una "tau". Maana yake nini?

Pole sana, mzazi. Nitalijibu hili polepole.

Ugonjwa huu uliwapata maelfu ya watoto wa Kitgum, Pader, Lamwo na wilaya jirani, wengi wakiwa na umri kati ya miaka 5 na 15, katika miaka ileile familia za Acholi zilipokuwa zimehamishiwa makambini kwa sababu ya vita. Umeonekana pia Sudan Kusini, na Tanzania huko Mahenge, ambako ulielezwa na daktari tangu miaka ya 1960. Kichwa huinama mara kwa mara, mara nyingi mtoto akiona chakula au akisikia baridi. Huo ni mshtuko wa kifafa. Haurogwi, na haumwambukizi anayemshika mtoto mkono au kula naye sahani moja.

Tau ni protini ya kawaida. Kila mmoja wetu anayo. Kazi yake ni kuimarisha mirija midogo ndani ya mkia wa neva, ambayo mizigo ya seli hupitia. Kwa kawaida tau hubeba fosfati mbili au tatu. Zikizidi sana, huachana na mirija, hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kutengeneza mafundo, na neva hudhoofika. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa watano wa Uganda waliofariki, na mafundo ya tau yenye fosfati nyingi yalionekana. Iliwashtua wengi, kwani mafundo ya namna hiyo tumezoea kuyahusisha na wazee.

Hilo halimaanishi kwamba tau ndiyo chanzo. Huenda degedege zenyewe, au uvimbe wa ubongo, ndizo zilizovuruga uwiano wa kinasi na fosfatasi. Wanasayansi bado wanabishana. Kinachojulikana kwa nguvu ni kwamba ugonjwa hufuata maeneo yenye minyoo ya Onchocerca, inayoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi kama Aswa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoshambulia protini ya neva inayofanana na protini ya mnyoo huyo. Tangu ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, ianze kugawiwa mara mbili kwa mwaka na viluwiluwi vya inzi kupuliziwa dawa mtoni, wagonjwa wapya wamepungua sana.

Kwa mtoto wako la muhimu leo ni dawa za kifafa, mara nyingi valproeti, bila kukosa hata dozi moja, chakula cha kutosha, na mtu wa kumwangalia karibu na moto na maji. Hakuna dawa ya kuondoa tau inayouzwa popote kwa ugonjwa huu. Atakayekuuzia anakuibia.

Babu anasahausahau. Kuna kipimo cha damu cha tau?

Kipo. Hupima kipande cha tau chenye fosfati kwenye threonini ya 217. Mwezi Mei mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii kwa watu wazima wenye dalili, kikilinganisha tau hiyo na amiloidi, protini nyingine ya Alzheimer, ugonjwa unaopoteza kumbukumbu za wazee. Kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, tau hubeba fosfati mara tatu hadi nne ya kawaida.

Kabla ya kuwaza kipimo hicho, mpelekeni babu akapimwe shinikizo la damu, sukari, VVU, kaswende, tezi ya shingo, vitamini B12 na usikivu. Baadhi ya hayo yanatibika, na kumbukumbu hurudi.

Litiamu anayopewa ndugu yangu Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, inafanya nini?

Hutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi. Miongoni mwa kazi zake, huzuia kinasi iitwayo GSK-3, ambayo pia ni mojawapo ya zinazobandika fosfati kwenye tau. Kiwango kinachotibu kiko karibu na kiwango cha sumu, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na anywe maji ya kutosha. Asiiache wala kuiongeza bila daktari.

Nikila vyakula vyenye fosfati, kama mukene (dagaa), akili itaongezeka?

Hapana. Mukene, maharage na karanga ni chakula kizuri, lakini seli za neva hupanga fosfati zake kwa kinasi na fosfatasi, si kwa wingi wa fosfati tumboni. Mwenye figo mbovu huenda akashauriwa apunguze.

Naweza kusomea fani hii Uganda?

Ndiyo. Chukua Biolojia na Kemia kwenye S.5, kisha biokemia au udaktari, Makerere, Mbarara au Gulu. Jifunze kemia ya protini kwa bidii, na ujifunze pia kazi ya maabara yenye nidhamu. Fosfati hubanduka kwenye sampuli ndani ya dakika chache baada ya mzunguko wa damu kusimama, kwa sababu fosfatasi huendelea kufanya kazi wakati kinasi zimekosa ATP. Sampuli isiyogandishwa haraka na kuwekewa vizuizi vya fosfatasi itakuonyesha ubongo usio na alama zilizokuwepo. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyokatikiwa umeme ni kifaa cha kwanza cha kuuliza unapochagua maabara.